Vifaranga Wanapodumaa

Ukiona kifaranga wa wiki sita ana umbo la wa wiki tatu, usikimbilie agroveti. Najua hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya wengi wetu hapa Bukura, Kakamega. Unaeleza shida yako kwa maneno mawili, unapewa pakiti ya vitamini, kichocheo cha kukuza, na pengine antibiotiki ambayo hakuna aliyekueleza inatibu nini. Baada ya wiki mbili pesa zimekwenda na kifaranga yuko pale pale. Kudumaa ni matokeo. Kuna kitu kinachomnyima kifaranga joto, chakula au damu, na kitu hicho mara nyingi unaweza kukitambua kwa macho, kwa mikono na kwa mizani ya jikoni, mradi utafute kwa mpangilio.

Anza kwa kuuliza: ni wote au ni wachache? Ukiwa na vifaranga 50 na wote ni wadogo kuliko umri wao, chunguza banda na chakula. Wakiwa sita au saba waliobaki nyuma huku wenzao wamenawiri, basi chunguza kusukumwa kwenye chakula, wadudu, ugonjwa uliowashika wachache, au ukoo. Ukiruka swali hili utabadilisha chakula cha banda zima kwa ajili ya vifaranga watano, au utawatenga watano hao ilhali banda zima lina njaa.

Halafu hakikisha kwamba kweli wamedumaa. Kuku wa kienyeji asilia hukua polepole, ndivyo alivyo. Kifaranga wake huanguliwa akiwa na gramu 30 hivi, na akiachwa ajitafutie uani anaweza kufikisha miezi sita au zaidi kabla ya kufika kilo moja na nusu. Kienyeji walioboreshwa na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo nchini Kenya, wakilishwa vizuri, hufika kilo 2 kwa jogoo na kilo 1.5 kwa mtetea katika miezi mitano. Kuroiler, kuku chotara, ana mwendo wake wa kasi zaidi, na kuku wa nyama wa kisasa huuzwa akiwa na wiki sita tu. Mama anayelinganisha vifaranga wa kuku wake wa uani na Kuroiler wa jirani ataona ugonjwa pasipo na ugonjwa. Linganisha kuku na wa aina yake, wa umri wake.

Ndiyo maana nasisitiza mizani. Ile ndogo ya kidijitali ya jikoni inatosha. Chagua vifaranga kumi, wafunge uzi wa rangi mguuni (uulegeze kila wiki, maana mguu unanenepa), uwapime siku ile ile ya wiki, asubuhi kabla hawajala. Mweke kifaranga ndani ya bakuli lililofunikwa kwa kitambaa ili atulie. Andika kwenye daftari. Kifaranga wa kienyeji anayetunzwa vyema huwa ameongeza uzito wake maradufu kabla ya wiki mbili kwisha. Kisha tazama tofauti kati yao: kundi zuri ni lile ambalo wanane kati ya kumi hawapishani na wastani kwa zaidi ya asilimia 10. Wastani ukiwa gramu 300, wengi wawe kati ya 270 na 330. Jicho peke yake halitakupa habari hizi, kwa sababu manyoya hudanganya. Kifaranga mwenye baridi hujitutumua akaonekana mnene, kumbe mfupa wa kifua umechongoka kama kisu.

Sasa tuje kwenye joto, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vifaranga wengi wa huku kwetu wanapoharibikiwa. Mtu akisikia Kakamega iko karibu na ikweta hudhani baridi si hoja. Lakini Bukura iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, mvua zetu ni nyingi, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 15 au chini ya hapo. Kifaranga wa siku moja anahitaji nyuzi 32 hadi 35. Hana manyoya ya kumkinga, ana malaika tu, na mwili wake haujajua kujipasha joto. Akiwa na baridi hali. Anajibana na wenzake kwenye kona, na kile kidogo alichokula kinaungua chote kwa kumpasha joto badala ya kujenga nyama na mifupa. Baada ya usiku kumi wa namna hiyo huenda asife, lakini atakuwa amepoteza siku ambazo hazirudi kikamilifu, hata ukimlisha vipi baadaye.

Punguza joto nyuzi 3 hivi kila wiki, hadi wiki ya tano ambapo nyuzi 21 zinawatosha. Kipimajoto ukikipata ni vizuri, kitundike usawa wa migongo yao, kisiwe juu ukutani. Usipokuwa nacho, waangalie wenyewe. Wakirundikana chini ya jiko au taa na kulia kwa sauti ya juu isiyokatika, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakijazana upande mmoja tu, kuna upepo unaoingia upande wa pili, utafute na uuzibe. Wakiwa wametawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala miguu imenyooka, usiguse kitu. Fanya ukaguzi huu saa tisa usiku. Ukaguzi wa saa tatu usiku, jiko likiwa bado jekundu, haukuambii lolote, kwa maana makaa huzimika alfajiri, wakati baridi imekaza.

Wengi wetu tunatumia jiko la makaa au chungu chenye makaa ndani ya bruda ya duara, yaani uzio wa kulelea vifaranga. Ni sawa, ila makaa lazima yawake nje hadi moshi uishe ndipo yaingizwe, na banda liwe na tundu la hewa juu. Hewa ya makaa huua vifaranga na hata mtu aliyelala humo. Kama huna uwezo wa makaa kila usiku, sanduku la nyasi kavu ni njia nzuri na haina gharama kubwa: sanduku la mbao lililozungushiwa nyasi nene pande zote, na juu gunia lililojazwa nyasi. Vifaranga huingia kulala na joto la miili yao halitoroki. Linafaa zaidi vifaranga wakishapita siku za mwanzo, na wasizidi 30 au 40.

Vifaranga wanaolelewa na mama yao wana joto la bure, ila wana hasara nyingine. Kuku huanza safari alfajiri, akiwapitisha watoto kwenye majani yenye umande. Kifaranga wa siku tano akirowa hadi tumboni, mama hawezi kumkausha upesi. Mfungie mama chini ya tenga hadi jua lipande na nyasi zikauke, kwa wiki tatu au nne za kwanza. Weka chakula cha vifaranga nje ya tenga, mahali mama asipofika, na wao watapita kwenye matundu kula. Faida ya pili ni kwamba mwewe hatakuwa na kazi uani kwako.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kwa sababu kinaunganisha joto na chakula. Usiku wa kwanza vifaranga wakishalala, mchukue mmoja mmoja na uguse gole lake, ule mfuko ulio chini ya shingo upande wa kulia. Gole likiwa limejaa na laini kama uji mzito, amekula na amekunywa. Likiwa gumu, amekula ila hakunywa. Likiwa na maji matupu, linalegea, basi hajaona chakula. Kufikia saa 24 tangu uwapokee, karibu wote wawe na gole lililojaa. Wasio nalo utawakuta wiki ya sita katika kundi la waliodumaa. Kwa hivyo usiku ule ule wachovye midomo kwenye maji ya uvuguvugu, tandaza chakula kwenye karatasi chini yao ili wasiende kukitafuta, na waachie mwanga. Usiwawekee vumbi la mbao siku za mwanzo. Kifaranga hajui kutofautisha, atalila, litamziba firigisi. Weka maranda makubwa na juu yake karatasi kwa siku tatu.

Chakula chenyewe kina mambo mengi zaidi ya wingi. Kifaranga anahitaji protini ya asilimia 18 hadi 20 hadi wiki ya nane. Mahindi yana asilimia 8 au 9 tu. Mfugaji anayewapa vifaranga mahindi yaliyoparazwa na mabaki ya ugali anawashibisha bila kuwakuza. Watakuwa na gole lililojaa kila jioni na bado watabaki wadogo, manyoya yamechakaa, wakidonoana. Huyo ndiye kifaranga anayetuchanganya sana, kwa sababu mwenyewe anaapa kwamba wanakula vizuri, na ni kweli wanakula vizuri.

Ukiweza kununua chakula cha vifaranga kilichotengenezwa, kila mmoja atamaliza takriban kilo 2 hadi wiki ya nane. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua vifaranga, usiipige wiki ya tatu mfuko ukiwa umeisha. Ukitaka kuchanganya mwenyewe, mfano wa kilo 10 ni huu: mahindi yaliyosagwa kilo 6.8, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 2, omena safi kilo 1, kisha chokaa ya mifugo gramu 150, chumvi gramu 30, na mchanganyiko wa vitamini na madini kwa kipimo cha pakiti. Utapata karibu asilimia 19 ya protini.

Ila tazama masharti mawili yaliyomo humo. La kwanza, soya lazima ikaangwe. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo la kuku kusaga protini, na kifaranga anayeilishwa hudumaa akiwa amezungukwa na chakula bora. Ikaange hadi igeuke rangi ya kahawia hafifu na harufu ya ubichi iishe. La pili ni omena. Omena ya mifugo inayotoka ziwani huanikwa mara nyingi mchangani, na mchanga una uzito. Chukua konzi moja, itie kwenye chupa ya maji, itikise, iache itulie. Ukiona mchanga umejaa kitako cha chupa, umenunua ufuo wa ziwa kwa bei ya samaki. Mbadilishe muuzaji.

Kama mfuko hauruhusu omena wala soya, tuna kumbikumbi na mchwa, na wazee wetu walijua kuwategea. Jaza chungu kuukuu mabua makavu na kinyesi cha ng'ombe kilicholoweshwa, kifudikize jioni juu ya njia ya mchwa, kifunue asubuhi. Vifaranga watakimbilia humo kama watoto kwenye keki. Mchwa wana protini na mafuta, na vifaranga wachache wa mama mmoja wanaweza kupata sehemu kubwa ya haja yao hapo. Kundi la mia mbili haliwezi kutegemea mchwa.

Chakula cha kuku wa mayai usimpe kifaranga, hata siku mbili za kusubiri mshahara. Kina kalisi ya asilimia 3.5 hadi 4, ilhali kifaranga anataka kama asilimia 1. Kalisi hiyo ya ziada huharibu figo zake, na madhara huonekana baadaye, wakati umeshasahau ulichompa. Kinyume chake, kifaranga anayefungiwa ndani siku zote bila jua na bila mchanganyiko wa vitamini hukosa vitamini D, hivyo hata kalisi iliyopo haiingii mifupani. Mguse mdomo: ukipinda kama mpira, na akitembea kwa kuchechemea au kukalia magoti, hiyo ndiyo shida. Watoe juani, jua la asubuhi, kila siku isiyo na mvua, kuanzia wiki ya pili.

Sasa mahindi. Huku kwetu tunavuna ya mvua ndefu kuanzia Agosti, na mvua haijaondoka. Mahindi yanaingia ghalani yakiwa na unyevu, yanaota ukungu, kisha familia inachambua mazuri ya kula na yaliyooza yanapewa kuku. Naelewa kwa nini, hakuna anayependa kutupa mahindi. Lakini ukungu ule hutoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 Ukambani, wengi wao Makueni na Kitui, kwa mahindi ya nyumbani. Kifaranga hahitaji kiasi cha kuua. Kidogo cha kila siku huumiza ini, hupunguza hamu ya kula, na hufanya chanjo zisishike sawasawa. Mzoga ukifunguliwa, ini huwa limepauka rangi ya manjano. Mahindi yenye ukungu yasipewe kuku, wala yasichanganywe na mazuri ili yapotee humo. Anika yako hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, punje ikivunjika kwa mlio kati ya meno badala ya kubonyea, uko karibu.

Vifaranga wakiwa na joto na chakula na bado wanazorota kati ya wiki ya tatu na ya sita, piga magoti bandani. Pua yako iwe usawa wa vichwa vyao. Macho yakikuwasha, wao wanaishi katika hewa hiyo saa zote. Kisha chukua konzi ya maranda na uifinye: yakiachana ukifungua mkono, ni makavu, yakibaki bonge, yana unyevu wa kutosha kulea koksidia. Mayai ya vimelea hivi hutoka na kinyesi, na kwenye unyevu na joto huchukua siku moja au mbili tu kuwa tayari kumwambukiza anayedonoa chini. Vimelea hupasua ukuta wa utumbo. Wengine huharisha damu na kufa, na hao angalau unawaona. Walio wengi hawaharishi damu, wanapona nusunusu wakiwa na utumbo wenye makovu usionyonya chakula. Hao ndio waliojikunyata, mabawa yameshuka, wepesi mkononi.

Kwa koksidia, dawa ya amprolium kwenye maji kwa siku tano hadi saba, kwa kipimo cha pakiti, inasaidia. Siku hizo usiwape vitamini B pamoja nayo, kwa sababu amprolium hufanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini B1, nawe utakuwa unamlisha. Dawa bila kubadilisha maranda ni bure. Ondoa yaliyolowa kuzunguka chombo cha maji kila siku, inua chombo kwa tofali hadi usawa wa mgongo wao, na uwapunguze wakisongamana.

Kwa vifaranga wachache waliobaki nyuma, watazame kichwani mwangani. Kuna viroboto weusi wanaojikita kuzunguka macho na kwenye upanga, hawaruki ukiwagusa, wamejichomeka. Kwenye kuku wa uani ni wengi kupita tunavyodhani, na kifaranga mdogo akiwa na ishirini wa kumnyonya, upanga na midomo hupauka. Wapake mafuta ya kupikia au ya mgando juu ya viroboto, wakose hewa, ukijihadhari na macho. Usipake mafuta ya taa, yanaunguza ngozi. Kisha fagia na uchome takataka za sakafu, maana viluwiluwi wao wamo mchangani. Usiku pitisha tochi kwenye nyufa za mbao kutafuta utitiri. Minyoo huja baadaye kidogo. Anza kuwapa dawa wakifika miezi miwili, kisha kila baada ya miezi mitatu.

Chanjo siwezi kuipita. Ugonjwa wa Gumboro ukipita kwenye kundi huacha vifaranga wasio na kinga, na kila ugonjwa mdogo baada ya hapo huwarudisha nyuma. Ule wa Newcastle huua, na anayesalia mara nyingi hupinda shingo na hakui. Jiungeni majirani, kwa sababu kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko vifaranga wako, na kikishachanganywa lazima kiishe kwa saa chache.

Ikiwa kila kizazi kinatoka kidogo kuliko kilichopita, mtazame jogoo. Jogoo aliyekaa miaka minne anapanda binti zake na wajukuu zake. Badilishana na mtu wa mbali, si wa ua wa jirani, maana huyo pengine ni ndugu yake. Na ukiatamisha mayai ya Kuroiler ukitarajia Kuroiler, utapata vifaranga wa kila umbo, kwa kuwa ni chotara na sifa zake hazirithiwi sawasawa. Kwa mbegu nzuri hatuko mbali: taasisi ya KALRO inayoshughulikia kuku, nguruwe na sungura iko Kakamega, na Chuo cha Kilimo cha Bukura kimefundisha kilimo hapa kwetu tangu miaka ya 1920. Nenda ukaulize, ukiwa na daftari lako la uzani mkononi.

Waliodumaa tayari watenge kwenye kona yao yenye joto na chakula chao, wasisukumwe. Wapime kwa wiki tatu. Wanaoongezeka warudishe kwa kundi la ukubwa wao, hata kama si la umri wao. Asiyeongezeka gramu wiki tatu mfululizo hatakuwa kuku wa mayai, na usimwache azae. Akifa mmoja, mpeleke siku hiyo hiyo kwa daktari wa mifugo afunguliwe. Dakika kumi za kisu zitakuambia zaidi ya pakiti tatu za dawa.

Kabla ya kuleta kundi jipya, ondoa maranda yote, sugua sakafu na vyombo kwa sabuni, paka chokaa kuta, ziba nyufa, na uliache banda tupu na kavu kwa wiki mbili. Washa jiko saa kadhaa kabla vifaranga hawajafika, ili wakute sakafu imeshapata joto.